Si Kila Kinyama Kinastahili Rangi ya Kahawia

Kinyama cha mlango wa kizazi, yaani kipande kinachokatwa kwa ajili ya uchunguzi, kwa kawaida ni cha milimita 3 au 4. Ukikiweka juu ya ukucha wa kidole gumba, nafasi inabaki. Kwa kipande hicho daktari wa patholojia anatakiwa aamue kama mwanamke mwenyewe arudi nyumbani aje kuangaliwa tena baada ya miezi, au akatwe sehemu ya mlango wa kizazi. Mara nyingi uamuzi hauna taabu. Ama utando umevurugika wote tangu chini hadi juu, viini vya seli vimekuwa vikubwa na vyeusi, na seli zinagawanyika mpaka karibu na uso. Ama umetulia, seli zinapanda zikipevuka kama inavyotakiwa. Taabu iko katikati, kwenye kile kinachoandikwa CIN 2: mabadiliko yanayoweza kugeuka saratani, yaliyo kati ya CIN 1, ya daraja la chini, na CIN 3, ya daraja la juu. Hapo madaktari wawili wazuri, kioo kimoja, hadubini moja, hutoa majibu mawili. Na hata daktari mmoja, akirudishiwa kioo kilekile baada ya miezi 3 bila kuambiwa, anaweza kujipinga mwenyewe.

Kwa vioo vya namna hiyo ndipo ilipokuja p16, protini inayotafutwa kwa kingamwili na kuonekana kwa rangi ya kahawia. Zanzibar tunaihitaji, hilo silitilii shaka. Ninachokiogopa ni kuja kama fasheni, kila kinyama kipakwe. Kipimo hiki ukikiuliza swali lisilo lake hakinyamazi. Kinajibu vilevile, na kwa rangi nzuri inayomshawishi msomaji.

Tuanze na kile ambacho rangi hiyo inaonyesha. Seli yenye afya ina breki, protini iitwayo pRb, inayoizuia isigawanyike ovyo. p16 ni mguu unaokanyaga breki hiyo. Virusi vya HPV vya aina za hatari, hasa ya 16 na ya 18 ambazo kwa pamoja husababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, vina protini mbili za fujo: E6 inayoivunja protini ya ulinzi p53, na E7 inayoikamata pRb na kuitoa kazini. Breki imeshakatwa waya, lakini seli haijui. Inakanyaga, inakanyaga tena, kama dereva wa daladala anayeteremka mlima, pedali imegusa sakafu na gari halisimami. p16 inarundikana ndani ya kiini na kwenye ute unaokizunguka. Mrundikano huo ndio tunaoupaka rangi. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliuonyesha kwenye vinyama vya mlango wa kizazi mwaka 2001, katika mji uleule alikofanyia kazi Harald zur Hausen, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kwamba HPV ndiyo inayoleta saratani hii.

Ndiyo maana kusema "p16 ni kipimo cha HPV" ni kosa. HPV huwapitia wanawake wengi, na maambukizi mengi, kama 9 kati ya 10, huondoka yenyewe ndani ya miaka 2. Kipimo cha vinasaba kitakuambia kirusi kimo garini. p16 inataka kukuambia kirusi kimeshika usukani.

Mkeka na jamvi la karafuu

Usomaji ndiko panakoharibika zaidi. Mtu anaona kahawia, anaandika chanya.

Chukua mkeka wa ukili. Msusi akitaka mstari wa rangi hutumia ukili uliochovywa, na mstari unakwenda bila kukatika. p16 iliyo chanya inatakiwa iwe hivyo: rangi nzito, seli kwa seli, ikianzia tabaka la chini kabisa na kupanda angalau theluthi moja ya unene wa utando, na kwenda pembeni seli 6 au zaidi bila pengo. Kiini kiwe kimeshika rangi, peke yake au pamoja na ute. Sasa chukua karafuu chache zilizobaki juu ya jamvi baada ya kuanuliwa: moja hapa, tatu kule, katikati patupu. Kioo cha namna hiyo ni hasi. Hata kama seli zenyewe zimekolea sana, hata kama tabaka la juu limeshika na la chini halina kitu, ni hasi. Hakuna "chanya kidogo" wala "chanya asilimia 30". Asilimia ni lugha ya vipimo vya saratani ya matiti. Ikiingizwa hapa inavuruga.

Dawa yake ni kuanza na lenzi ya 4, kisha ya 10. Mfululizo unaonekana kwa mbali. Anayekimbilia lenzi ya 40 atakuta seli za kahawia kila anapogeuza kioo, kwa sababu tezi za kawaida za mlango wa kizazi, na hasa zile zilizogeuka kufanana na za mirija ya uzazi, zina p16 yake ya madoamadoa.

Na swali lipi ni lake? Mwaka 2012 chama cha wanapatholojia wa Marekani na kile cha wataalamu wa kolposkopi, yaani kuuangalia mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza, walikubaliana mwongozo mmoja ambao mpaka leo ndio unaotumika zaidi. p16 iagizwe pale daktari anaposhindwa kutenganisha mabadiliko ya daraja la juu na kitu kinachoyaiga: metaplasia changa (utando wa tezi unaoanza kugeuka wa aina nyingine), utando uliosinyaa baada ya hedhi kukoma, utando unaojiponya baada ya kuumia, au kinyama kilichokatwa mshazari. Iagizwe pale kalamu inapotaka kuandika CIN 2. Iagizwe madaktari wawili wakitofautiana. Na iagizwe pale kinyama kinapoonekana cha daraja la chini ilhali kipimo kilichotangulia kilionyesha hatari kubwa. Nje ya hapo iachwe. CIN 3 iliyo wazi haihitaji shahidi, na utando wa kawaida hauhitaji wakili.

CIN 1 ndiyo yenye mtego. Sehemu kubwa ya CIN 1 nazo hutoa rangi ya mfululizo, kwa kuwa nazo zina HPV ya hatari. Lakini CIN 1 yenye p16 inabaki CIN 1. Daktari akiipandisha daraja kwa sababu ya rangi, msichana wa miaka 24 anaandikiwa LEEP, yaani kukatwa kwa waya wa umeme, kwa jambo ambalo lingeondoka lenyewe. Na LEEP si kunyoa nywele. Inaongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati katika mimba zinazofuata, na kadiri kata inavyokwenda ndani ndivyo uwezekano unavyozidi. Kwa mwanamke wa Micheweni ambaye bado anataka watoto 4, hesabu hiyo ni nzito.

Upande wa pili nao una uzito wake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba CIN 2 isiyotibiwa hurudi nyuma kwa takribani nusu ya wanawake ndani ya miaka 2, na huendelea mbele kwa kama asilimia 18. CIN 3 si ya kuchezewa kabisa: huko New Zealand, wanawake walioachwa bila matibabu ya kutosha walifuatiliwa, na kama 3 kati ya 10 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa hiyo thamani kubwa ya p16, kwa maoni yangu, ni kuivunja CIN 2 vipande viwili. Yenye mfululizo iende na daraja la juu. Isiyo na mfululizo ishuke daraja la chini, mwenyewe aangaliwe, asikatwe.

Kwenye tezi habari ni tofauti kidogo, na nitaipitia haraka. Saratani ya tezi inayotokana na HPV huwaka p16 vizuri, lakini ziko saratani za tezi zisizotokana na HPV, kama ile inayofanana na tezi za tumbo, ambazo mara nyingi p16 yake ni hasi na zenyewe ni kali. Hapo jibu hasi lisimtulize mtu.

Orodha haikuandikwa Pemba

Orodha ile ya vinavyoiga daraja la juu imeacha jambo moja ambalo kwetu lilitakiwa liwe mwanzoni: kichocho. Kichocho cha visiwani ni cha njia ya mkojo, na mayai yake hayaishii kwenye kibofu. Hupenya mpaka kwenye mlango wa kizazi na uke. Mkunga akiangalia anaona mabaka kama chembe za mchanga, maeneo ya manjano, mishipa isiyo ya kawaida, na damu akigusa tu. Akipaka asetiki asidi ya asilimia 3 hadi 5 kwa kile tunachokiita kipimo cha siki, na kusubiri dakika 1, mabaka hayo yanaweza kumchanganya. Kinyama kinachukuliwa kwa hofu ya saratani.

Chini ya hadubini yai lina mwiba mmoja mwishoni, mara nyingi limeshageuka chokaa, limezungukwa na seli kubwa za ulinzi na eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Utando ulio juu yake umechokozwa: viini vimevimba, seli za chini zimeongezeka, kuna migawanyiko. Mtu aliyechoka ataandika CIN 2. Hapo ndipo p16 inapoleta faida yake hasa, kwa kuwa utando uliochokozwa na yai, bila HPV, hautoi mstari wa mkeka. Tahadhari zake ni mbili. Ya kwanza, yai si kinga. Mwanamke anaweza kuwa na yai na mabadiliko ya HPV ya daraja la juu kwenye kinyama hichohicho, kwa hiyo kuonekana kwa yai kusimzuie daktari kuangalia utando wote. Ya pili, kipande cha maikroni 4 kinaweza kulikosa yai kabisa, kwa hiyo bloku, yaani nta iliyoshikilia kinyama, ikatwe ngazi 3 kabla ya kusema halimo. Mwenye yai apewe prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na ajue kwamba mabaka yanaweza kubaki hata minyoo ikifa.

Utando uliosinyaa nao ni mwizi mzuri: mwembamba, seli zote ndogo na nyeusi, unafanana na daraja la juu mpaka unaogopesha. Kwa huo ndipo inapoitwa Ki-67, protini inayoonekana kwenye seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika na kutoweka seli inapopumzika. Jina lake ni la mji wa Kiel ilikogunduliwa mwaka 1983, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara. Kwenye utando uliosinyaa Ki-67 karibu haipo. Kwenye daraja la juu inapanda hadi tabaka za juu. Lakini Ki-67 isiitwe peke yake. Uvimbe na kidonda kinachopona huipandisha. Na kinyama kikikatwa mshazari, tabaka la seli za karibu na chini, ambazo kwa kawaida ndizo zinazogawanyika, huonekana kama zimejaa unene wote.

Kichupa kutoka Wete

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kinyama kimefika maabara kikiwa salama. Ndugu wasomaji, protini hufia njiani.

Kinyama kikishatolewa, kiingie kwenye fomalini mara moja, na isizidi saa 1. Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa. Kutengeneza lita 1: mililita 100 za fomalini ya dukani ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye sodiamu moja na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili. Bila chumvi hizo fomalini hugeuka kuwa na asidi siku baada ya siku, na ikikutana na damu huacha punje za kahawia nyeusi juu ya kinyama. Fikiria maana yake: unatafuta kahawia ya p16 kwenye kioo kilichokwisha kujaa kahawia ya uchafu.

Fomalini iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa kinyama. Kwa kinyama cha milimita 4 kichupa cha mililita 10 kinatosha na kuzidi. Isibadilishwe kwa maji ya chumvi ya dripu, ambamo kinyama kinaoza tu. Isibadilishwe kwa spiriti pia. Spiriti inakihifadhi kinyama kwa njia nyingine kabisa, na utaratibu wa rangi uliopimwa kwa vinyama vya fomalini hauaminiki tena kwacho.

Muda ndio unaotaka akili kwa watu wa kisiwani. Kinyama kikae kwenye fomalini si chini ya saa 6, na ikiwezekana kisivuke saa 72. Chini ya hapo kingo zinashika rangi na katikati hapana. Juu ya hapo protini inafungwa mno na kuifungua inakuwa kazi. Sasa hesabu: kinyama kimetolewa Wete Alkhamisi saa 8 mchana, kimekosa boti ya Ijumaa, kimevuka Jumamosi, na mashine ya kukitayarisha imewashwa Jumatatu jioni. Hizo ni zaidi ya saa 96. Njia ya kuepuka si ngumu. Kliniki ipange siku ya kuchukua vinyama kwa kuangalia siku ya boti. Ikishindikana, baada ya saa 24 hadi 48 kinyama kihamishiwe kwenye alkoholi ya asilimia 70, na jambo hilo liandikwe kwenye fomu. Kifuniko cha kichupa kizungushwe plasta, kichupa kiwekwe kwenye mfuko wenye pamba, mfuko ndani ya mfuko. Bahari ya mkondo wa Pemba haina heshima kwa vifuniko.

Halafu kuna mlalo. Kinyama cha milimita 3 kikielea ovyo kitajikunja na kukatwa mshazari, na hapo ndipo kile kinachoiga daraja la juu kinapozaliwa kwa mikono yetu wenyewe. Aliyekichukua akilaze kwenye kipande cha karatasi ya chujio, upande wa nyama chini, utando juu, akiache sekunde chache kishike, kisha azamishe vyote pamoja. Karatasi hiyo ni bei ya bure, na inaokoa vioo vingi kuliko kingamwili.

Nusu siku ya kazi

Kwenye maabara, bloku ya nta ikatwe maikroni 3 hadi 4. Hapa kuna kosa linalorudiwa: fundi anakata kioo kimoja cha rangi ya kawaida, daktari anataka p16 siku ya nne, bloku inarudishwa mashineni, inasawazishwa upya, na eneo lenyewe linaishia kwenye takataka. Kwa kinyama cha mlango wa kizazi kata vipande 3 vya akiba siku ileile ya kwanza, uviweke kwenye vioo vyenye chaji, vikae jokofuni vimefunikwa. Visikae miezi, kwa kuwa protini kwenye kipande kilichokwisha kukatwa hufifia.

Kioo kikaushwe kwa nyuzi 60 saa 1, nta iondolewe kwa zailini, kishushwe kwa alkoholi hadi majini. Kisha kinakuja kitendo chenye uzito kuliko vyote: kuifungua protini iliyofungwa na fomalini. Kioo kinachemshwa kwenye bafa ya Tris na EDTA ya pH 9, au ya sitreti ya pH 6 kufuatana na kingamwili ulionao, nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20 hadi 40, kisha kinaachwa kipoe dakika 20 ndani ya bafa hiyohiyo. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 dakika 10. Kingamwili ya p16 dakika 30 hadi 60. Aina iliyochunguzwa zaidi ni E6H4, na kwa Ki-67 ni MIB-1. Polima yenye kimeng'enya dakika 30. DAB, ambayo ndiyo rangi ya kahawia yenyewe, dakika 5 hadi 10, hematoksilini ya bluu dakika 1, kufunika. Katikati ya kila hatua osha kwa bafa ya pH 7.4 hadi 7.6, na kioo kisikauke hata mara moja.

Kikiharibika, kioo chenyewe husema. Kahawia kila mahali, mpaka kwenye nyama isiyo na seli: peroksaidi ilisahauliwa, au DAB imekaa mno. Kahawia pembeni tu: kioo kilikauka. Chembechembe nyekundu za damu zimewaka: peroksaidi imekwisha nguvu, chupa ilikaa wazi. Kila kitu cheupe, pamoja na kipande cha kulinganishia: bafa haikufika joto, au kingamwili imekufa. Kinyama chenyewe kimeng'oka: kioo hakikuwa na chaji, au bafa ilitokota kwa fujo.

Kipande cha kulinganishia ndicho kinachotofautisha kipimo na ramli. Kiwe kwenye kioo kilekile cha mgonjwa: kijisehemu cha daraja la juu linalojulikana, na kijisehemu cha findo, yaani tonsili, ambamo vitovu vya seli za kinga lazima viwake Ki-67 na p16 ionekane kwa madoa tu. Kisipowaka ipasavyo, jibu halitoki, hata kama mgonjwa amekaa kwenye benchi.

Umeme nao. Watu wa Unguja hawajasahau kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima gizani. Siku hizi hali si hiyo, lakini dakika 10 tu za kukatika katikati ya kuchemsha zinatosha kutoa kioo hafifu, na kioo hafifu ni kibaya kuliko kilichokufa kwa sababu kinasomeka kama hasi. Sufuria ya presha juu ya jiko la gesi, dakika 2 hadi 3 baada ya presha kujaa, hufanya kazi hiyo bila kutegemea nguzo, mradi muda wake upimwe na uandikwe. Jokofu la kingamwili, nyuzi 2 hadi 8, ndilo la kuunganishiwa jenereta kwanza.

Mtu asiseme kazi hii ni ngeni kwetu. Utafiti uliofanyika hospitali ya Mnazi Mmoja kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, uliochapishwa mwaka 2018, ulitumia kingamwili dhidi ya protini MPT64 kutafuta kifua kikuu kilicho nje ya mapafu. Nta ileile, bafa zilezile, macho yaleyale. Kubadilisha kinachotafutwa ni hatua fupi. Kabla ya kuanza kutoa majibu, maabara ipake angalau vioo 10 vinavyojulikana kuwa chanya na 10 hasi, na ipatane navyo kwa asilimia 90 au zaidi.

Adui wa maabara ndogo kwa kweli ni tarehe kuliko bei. Zanzibar nzima ilihesabiwa watu karibu milioni 1.9 mwaka 2022. Vinyama vyenye shaka ya kweli kwa wiki vitahesabika kwa vidole. Chupa ya mililita 7 iliyo tayari kwa matumizi, kwa mililita 0.2 kila kioo, inatoa vioo 35. Chukulia vioo 4 kwa wiki: inakwisha ndani ya miezi 2 na kidogo, bila kuharibika. Mililita 1 ya kingamwili nzito inayochanganywa moja kwa mia inatoa vioo 500, inaonekana rahisi kwenye karatasi ya zabuni, na inaweza kupitwa na tarehe kabla haijaisha. Ndiyo maana nataka maabara moja tu kwa visiwa vyote, siku moja ya rangi kwa wiki, chupa ndogo. Kuwa na mashine Unguja na nyingine Chake Chake ni kuzigawa chupa ziozee pawili.

Wapo wanaotaka turuke moja kwa moja kwenye rangi mbili juu ya seli za kukwangua, ambapo seli moja yenye p16 ya kahawia na kiini chekundu cha Ki-67 inatosha kuita jibu chanya. Hoja yake ni safi: p16 ilitakiwa isimamishe mgawanyiko, kwa hiyo seli yenye zote mbili imeshapotea njia. Marekani iliidhinisha kipimo hicho mwaka 2020, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 lilitoa mwongozo wa kukitumia kuwachuja wanawake waliokutwa na HPV. Kwetu naona bado. Kinataka vichupa vya seli, wasomaji wa seli, na mwanamke arudi mara ya pili. Wa Kojani aliyevuka kwa ngalawa, akakutwa na HPV na baka linalofaa kuchomwa kwa joto, achomwe siku ileile. Usimrudishe nyumbani kusubiri rangi.

Na jibu la kinyama nalo lisisubiri. Ripoti ya rangi ya kawaida itoke kwanza, ikisema wazi kwamba p16 inafuata na kwa swali gani, na nyongeza itoke ndani ya siku 7. Nyongeza iandike maneno mawili tu, mfululizo upo au haupo, kisha daraja la mwisho. Daktari wa kliniki hatakiwi kufasiri rangi mwenyewe.

Fomu inayokuja na kichupa iwe na umri, tarehe ya hedhi ya mwisho, jibu la HPV, kilichoonekana kwa siki, dawa ya kichocho aliyowahi kupewa, na saa kinyama kilipoingia kwenye fomalini. Fomu iliyoandikwa "kinyama cha mlango wa kizazi" na sahihi tu irudishwe kwa simu kabla bloku haijakatwa: umri wa miaka 58 na hedhi iliyokoma miaka 9 nyuma ungemfanya msomaji afikirie utando uliosinyaa kabla hajaiomba p16.